Zuzi Mwalusanya na udongo wa ukoo: somo kwa jamaa zinazongoja kurudi kwao

Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wa shirika la mahali mbele ya jamaa zilizohamishwa na viongozi wao, katika komini ya Makiso, Kisangani. Tunayatoa hapa ili yasomwe na kuzungumziwa katika vikundi vyenu.

 Najua kila mmoja wenu ameacha kazi ya kutafuta chakula cha leo.

Niliombwa niseme juu ya haki na amani. Maneno hayo mmeyasikia mara nyingi tangu mlipofika ng'ambo hii, na najua hayajazi sufuria. Kwa hiyo sitasema juu ya haki kwa jumla. Nitasema juu ya mtu mmoja na juu ya kesi chache alizozikata. Mtu huyo ni James Mwalusanya, aliyekuwa zuzi wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Alifanya kazi Mwanza na pia Dodoma, na kesi zinazomfanya akumbukwe ni za kati ya mwaka 1988 na 1994.

Mtaniuliza: zuzi wa Tanzania anatuhusu nini sisi wa Tshopo? Anatuhusu kwa sababu kesi yake inayojulikana kuliko zote ilikuwa juu ya udongo wa ukoo uliouzwa kwa mtu wa nje. Swali lilikuwa: nani ana ruhusa ya kuuza udongo wa mababu, na wengine wakikataa, itakuwaje? Swali la namna hiyo tunalijua. Tangu Februari 2023 ugomvi wa udongo umewagawanya ndugu zetu Wambole na Walengola, kuanzia Lubunga. Watu wameuawa, nyumba zimechomwa, na maelfu wamevuka Mto Kongo kutafuta usalama upande huu. Wengi wenu mnaonisikia ni hao.

Sikuja kusema nani ana haki katika ugomvi wetu. Hiyo ni kazi ya mahakama, na mimi si zuzi. Nimekuja kuonyesha jinsi mtu mmoja alivyokata neno gumu la udongo bila kumtupa upande wowote.

Wakati aliofanyia kazi

Tanzania Bara ilipopata uhuru mwaka 1961 haikuweka haki za raia ndani ya katiba yake. Ziliingizwa mwaka 1984. Hata hapo serikali ilijipa muda wa kutengeneza sheria za zamani, na raia hakuweza kuzitumia haki hizo mahakamani mpaka Machi 1988. Mlango ulipofunguliwa, mazuzi wengi waliingia polepole, na si ajabu, maana walikuwa wamezoea kufuata sheria kama ilivyoandikwa bila kuuliza kama ni ya haki.

Mwalusanya hakungoja. Mwaka huohuo wa 1988, kule Mwanza, ilimfikia kesi ya mtu aliyefungwa Musoma kwa nguvu za sheria ya kikoloni ya mwaka 1921. Sheria hiyo ilimruhusu mtawala kumwondoa mtu katika sehemu yake na kumpeleka sehemu nyingine ya nchi, bila kumpeleka mbele ya mahakama. Mwalusanya alisema sheria ya namna hiyo haipatani na katiba. Mtu hawezi kung'olewa kwao kama mti, kwa amri tu, pasipo kusikilizwa.

Ninyi mliong'olewa makwenu mnaelewa uzito wa neno hilo kuliko watu wa sheria wenyewe. Na mjue kwamba katiba yetu wenyewe, ile ya tarehe 18 Februari 2006, inasema jambo hilo katika kifungu cha 30: hakuna Mkongomani anayeweza kulazimishwa kuishi nje ya makao yake ya kawaida.

Kesi ya shamba la Muleba

Sasa tuje kwenye udongo. Wilaya ya Muleba iko mkoa wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Alikuwa anazeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza shamba hilo kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000.

Mtu wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akaenda kushtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Alisema mauzo hayo ni bure kabisa, kwa sababu kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza udongo wa ukoo. Hakusema uongo. Mila hiyo ilikuwa imeandikwa na serikali mwaka 1963: mwanamke angeweza kupewa udongo wa ukoo autumie maisha yake, lakini asiuuze, isipokuwa kama ukoo hauna mwanaume hata mmoja. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia Bernardo na kumwambia mama arudishe pesa.

Mama hakunyamaza. Alipanda mpaka Mahakama ya Wilaya ya Muleba, nayo ikasema: katiba sasa inawatambua mwanaume na mwanamke kuwa sawa, basi mama alikuwa na haki ya kuuza. Safari hii Bernardo ndiye hakukubali. Naye alipanda, mpaka Mahakama Kuu kule Mwanza. Faili ikafika mbele ya Mwalusanya.

Tuangalie kwanza njia alizokuwa nazo. Angeweza kusema: mila ni mila, mama ameshindwa, kwaherini. Miaka ya nyuma hukumu za namna hiyo zilikuwapo. Mwaka 1968 zuzi mmoja alieleza kwamba mahakama inawahurumia wanawake, lakini mila hubadilishwa na wenye mila peke yao. Au angeweza kusema: mila hizi ni za kizamani, tuzitupe, na ukoo usiulizwe tena juu ya udongo wake. Hukumu ya kwanza ingewafurahisha wazee wa ukoo. Ya pili ingewafurahisha watu wengi wa mjini.

Yeye alitazama mila ile kwa makini na kuuliza: mwanaume wa ukoo akiuza udongo kwa mgeni bila ruhusa ya wenzake, mila inasemaje? Akaona kwamba kwa mwanaume mauzo hayafutwi. Mtu wa ukoo anayetaka udongo ubaki nyumbani anaweza kuukomboa, kwa kumrudishia mnunuzi pesa aliyotoa. Kwa hiyo mila ilikuwa na njia mbili: mwanaume akiuza, ukoo unakomboa, mwanamke akiuza, mauzo yanakuwa kama hayakuwapo.

Hapo ndipo alipokata. Tarehe 22 Februari 1990 alisema kanuni iwe moja kwa wote. Mwanamke anaweza kurithi na kuuza udongo wa ukoo kama mwanaume. Na ukoo una haki ya kukomboa, aliyeuza awe mwanamke au mwanaume. Rufaa ya Bernardo ilianguka, lakini zuzi alimwachia mlango: alimpa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa shilingi 300,000. Asipolikomboa katika muda huo, shamba lingekuwa la mnunuzi.

Sasa tuhesabu kila mmoja alipata nini. Mama alipata heshima ya mtu mzima mwenye mali yake. Mnunuzi alijua kwamba hatapoteza yote: atapata shamba, au atarudishiwa pesa yake. Ukoo haukuambiwa kwamba udongo wa mababu si kitu. Uliambiwa: kama mnaupenda, ulipieni, na muda wenu ni huu. Bernardo alishindwa katika kesi, lakini hakufukuzwa mlangoni. Aliyeshindwa namna hiyo anaweza kukutana na aliyeshinda njiani na kumsalimu.

Namna yake ya kufikiri

Nikizisoma hukumu zake naona mambo matatu yanayorudi kila mara.

La kwanza: mila ni mali ya watu walio hai. Inaweza kutengenezwa, na anayetaka kuitengeneza lazima kwanza aijue. Mwalusanya hakuidharau mila ya Wahaya. Aliichunguza kiasi cha kuona kwamba dawa ya ugonjwa ilikuwa ndani yake mwenyewe, katika ile kanuni ya kukomboa. Alichoondoa ni ubaguzi peke yake.

La pili: sheria ndogo huinama mbele ya sheria kubwa. Alitegemea katiba ya nchi yake. Kisha akaangalia pia mapatano ambayo Tanzania ilikuwa imetia sahihi mbele ya mataifa, kama lile la kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambalo nchi yake ilikuwa imelithibitisha mwaka 1985. Kwake sahihi ya serikali haikuwa pambo. Ukiahidi mbele ya majirani, watu wa nyumbani kwako wana haki ya kukudai.

La tatu: mahakama iko hasa kwa ajili ya mtu asiye na mtu. Tajiri ana avoka, mkubwa ana simu ya kumpigia mkubwa mwenzake. Mjane, mfungwa na mgeni wana zuzi tu. Wazee wetu walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Jambo hili la tatu linaonekana pia katika kesi ya Daudi Pete. Huyo alishtakiwa kwa unyang'anyi wa nguvu, na sheria ilisema mshtakiwa wa namna hiyo asipewe dhamana hata kidogo, kabla zuzi hajasikia lolote. Mwalusanya alisema sheria inayofunga mlango kabla ya mtu kusikilizwa haipatani na katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, iliyo juu kuliko zote kule, ilikubaliana naye kwamba kifungu kile hakisimami.

Mwaka 1994, akiwa Dodoma, alikwenda mbali zaidi. Watu wawili walikuwa wamepatikana na hatia ya kuua. Sheria ilitaka wanyongwe. Yeye alisema adhabu ya kunyonga ni ukatili unaomvunjia mtu utu, akawapa kifungo cha maisha. Sababu moja aliyoitoa ni kwamba maskini hapati utetezi mzuri kama tajiri, na zuzi akikosea, aliyekufa harudishwi.

Safari hiyo hakushinda. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikasema katiba bado inairuhusu kwa faida ya jamii. Hata hivyo kazi yake haikupotea. Katikati ya mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipokuwa inaifuta adhabu ya kifo katika nchi yake, iliichunguza kesi hiyo ya Tanzania na kuizungumzia katika hukumu yake.

Mipaka ya hukumu

Lazima niseme na upande wa pili, maana mtu akiwaambia kwamba hukumu moja inabadilisha nchi anawadanganya.

Kanuni zile zilizoandikwa mwaka 1963 hazikutoweka baada ya 1990. Wanawake wawili wajane walikwenda Mahakama Kuu ya Dar es Salaam, wakiomba kanuni za urithi za mila zifutwe. Mwaka 2006 mazuzi walikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini walikataa kuzifuta, wakihofia kuamsha kesi za mila zote za nchi. Wajane hao walipeleka neno lao mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema haki zao zimevunjwa.

Basi hukumu ya Mwalusanya ilifungua njia, lakini njia hufungwa na majani tena kama watu hawapiti. Zuzi anaandika mara moja. Wanaopita kila siku ni machifu, wazee wa ukoo, mapadri, wachungaji, maimamu, wamama wa soko. Ninyi mnaonisikia.

Na sisi wa Kisangani tunajua kwamba haki inaweza kuchelewa sana. Juni mwaka 2000 jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana siku sita ndani ya mji huu, na waliokufa ni watu wetu. Kongo ilipeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Haki ya Kimataifa kule La Haye. Hukumu ilitoka Desemba 2005, na kiasi cha malipo kikakatwa Februari 2022: dola milioni 325. Kutoka mabomu mpaka hesabu hiyo ni miaka karibu 22. Lakini lisingeandikwa lolote, leo kusingekuwa na cha kudai. Ndiyo maana nawaomba mambo yafuatayo.

Tufanye nini tukingoja

Kwanza, andikeni. Kila jamaa iandike jina la mji wake, mipaka ya shamba lake, majirani wa pande zote nne, miti na makaburi yanayojulikana. Kama kuna mzee anayejua mipaka, msikilizeni sasa angali hai. Karatasi ya shule yenye tarehe na sahihi za mashahidi wawili haifanyi kazi ya cheti cha udongo, lakini ni bora kuliko maneno matupu mbele ya zuzi.

Pili, msiuze udongo mkiwa katika shida, na msinunue udongo wa aliyekimbia. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka msingi kwamba udongo ni mali ya Leta, na raia na jamii wanapata haki ya kuutumia. Katiba nayo, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya wote, iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kwa hiyo barua ya chifu mmoja aliyetia sahihi peke yake haiwezi kumaliza neno. Inaweza tu kuanzisha vita nyingine.

Tatu, wamama waingie katika mazungumzo, wakae katika duara la wanaoamua. Kifungu cha 14 cha katiba kinadai hivyo. Sheria ya jamaa inasema watoto, wa kike na wa kiume, ni warithi wa kwanza kwa sehemu sawa, na tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2016 mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mapatano ya kisheria. Mjane aliyepoteza mume kule Lubunga asije akarudi na kukuta shemeji amelima mpaka mlangoni.

Nne, machifu wetu. Katiba inawatambua katika kifungu cha 207, na sisi tunawaheshimu. Lakini kifungu hichohicho kinasema mila inasimama pale isipopinga katiba na sheria. Chifu mwenye hekima atafanya kama alivyofanya zuzi wa Mwanza: atatafuta ndani ya mila ya Wambole na ndani ya mila ya Walengola ile kanuni inayojenga. Nimewasikia wazee wa pande zote mbili wakieleza jinsi mababu walivyompokea mgeni, jinsi mpaka ulivyowekwa, jinsi damu ilivyolipwa bila kumwaga nyingine. Kanuni hizo ni mali yetu. Zitolewe mezani.

Tano, vijana. Anayekuja kwako na panga na kukuambia kwamba hiyo ndiyo njia fupi ya kurudi nyumbani, muulize: tukishinda, tutalima tukiwa tunatazama nyuma kwa miaka mingapi? Udongo ulionyang'anywa kwa panga hulindwa kwa panga. Udongo uliokatiwa neno mbele ya watu wote, aliyeshindwa akiwa amesikilizwa, hulimwa kwa jembe.

Wapendwa, hatuwezi kumleta Mwalusanya hapa Makiso. Lakini lile swali lake kila mmoja anaweza kuliuliza chini ya mti wake: kanuni hii ninayoitetea, je, ningeitetea kama ingekuwa inanihukumu mimi? Mmbole aulize hivyo, Mlengola aulize hivyo, mwanaume na mwanamke, mwenyeji na mgeni. Tukianza hapo, siku mazuzi wetu watakapofungua faili ya neno hili, watakuta watu walio tayari kuishi pamoja baada ya hukumu.

 

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika mila yenu, mtu wa ukoo akiuza udongo kwa mgeni bila kuuliza wenzake, inafanywaje? Je, kanuni ni moja kwa mwanaume na kwa mwanamke?

2. Katika kesi ya Muleba, nani alishinda na nani alishindwa? Aliyeshindwa aliachiwa nini?

3. Ni kanuni gani ya zamani, ya Wambole au ya Walengola, inayoweza kusaidia pande zote mbili kurudi na kukaa jirani?

4. Nani katika kikundi chenu bado hajasikilizwa? Mtamsikiliza lini?